Maji ya Glasi Ndefu

Kulwa,

Salamu tulizopeana jioni zilikuwa za usoni tu, kwa hiyo sina sababu ya kuziandika tena hapa. Umelala, au unajifanya umelala. Begi lako liko mlangoni na kibegi cha Limi kiko juu yake. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wa Mwanza. Hayo unayajua kuliko mimi, na usiyoyajua utayajulia hukohuko.

Nakuandikia kwa sababu asubuhi, kabla hatujaenda stendi, kuna jambo nitamwambia Doto mbele yako, na sitaki ulisikie pale kwa mara ya kwanza. Utakasirika. Afadhali ukasirike ukiwa peke yako na karatasi kuliko ukasirike ukiwa unamtazama ndugu yako usoni.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile ya maji, mlipokuwa wadogo, wewe ulijibu vizuri kwa sababu nilikuwa nimekwambia jibu jikoni jana yake. Doto sikumwambia. Hakukuwa na mwenye akili na asiye na akili. Kulikuwa na mtoto aliyeambiwa na mtoto asiyeambiwa, na mama yao mwalimu aliyelijua hilo akanyamaza mpaka leo.

Nimeshalisema. Sasa unaweza kuichana barua, au ukaendelea kusoma.

Kilichonifanya niandike ni jioni hii. Ulimkalisha Limi kwenye kigoda pale nje, kitabu chako cha chuo kikiwa kwenye mapaja, ukaweka vikombe viwili vinavyolingana vyenye maji sawasawa. Nilikuwa nachambua nsansa, yale majani makavu ya kunde, nikajifanya siangalii. Ukachukua kikombe kimoja ukamimina maji yake kwenye ile glasi ndefu, ukauliza, "Limi, sasa wapi kuna maji mengi?" Mtoto akaangalia glasi, akakuangalia wewe, akaangalia glasi tena. Akaonyesha glasi. Ukamwambia aangalie vizuri. Akaonyesha tena palepale, kwa kidole kilichokwisha kupoteza nguvu. Ndipo ukaniambia mimi juu ya kichwa chake, kama vile tunaongea habari ya maharage yaliyoko jikoni, "Bado huyu. Na interview ya shule ni wiki ijayo."

Hukumwona Doto. Alikuwa mlangoni, ameshika ungo wa michembe, viazi vilivyokaushwa, aliyotuletea kutoka kijijini Sola. Mimi nilimwona. Aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya kumnong'oneza mtoto kanisani, "Sema ziko sawa, Limi. Sema ziko sawa, mwanangu."

Ukageuka. "Doto, usimfundishe bwana, utaharibu."

"Samahani, dada," akasema, akarudi ndani.

Kulwa, umesikia alichosema? Mtu mzima, ana mtoto, ana shamba lake la pamba na la choroko, na miaka yote hii amelitunza lile jibu. Limekaa kifuani mwake tangu siku ile aliyolikosa. Amekaa akisubiri mtu amuulize tena, na hakuna aliyemuuliza. Sasa analitoa kwa woga ampe mwanawe, ili mwanawe asije akaachwa kama alivyoachwa yeye. Na anakuita dada. Mlizaliwa asubuhi moja, hata jasho la mkunga lilikuwa halijakauka, anakuita dada kama mgeni anayeomba kazi ya ndani.

Nilipokwambia umwache Limi hapa, ukanijibu kwamba mimi ni mwalimu wa zamani na siku hizi ni ushindani. Sawa. Ukaongeza, "Kwani mimi nimeharibika?" Hapo nikanyamaza, ukadhani umenishinda. Nilinyamaza kwa sababu jibu ni refu na Doto alikuwa anasikia. Nitakujibu humu.

Wakati ule Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na ukisema darasa la awali watu walidhani unaongelea mahali pa kuwafungia watoto mama zao wakiwa shambani. Tulipata semina moja tu, Maswa, kwenye ukumbi uliokuwa unanukia mbegu za pamba. Mwezeshaji alikuwa kijana wa chuo, mpole, shati limemshinda ukubwa. Akatueleza kwamba akili ya mtoto haikui kwa kujazwa kama debe, inapanda kwa hatua, na kila hatua ina namna yake ya kuiona dunia. Akamwita mtoto wa mpishi, akafanya mambo hayohayo uliyoyafanya leo. Maji, vikombe, glasi. Mtoto akasema kwenye glasi ndefu kuna mengi. Tukacheka ukumbi mzima. Walimu watu wazima, tunamcheka mtoto kwa kuona anachokiona.

Yule kijana hakucheka. Akasema, "Hajakosea. Hapo ndipo alipo. Baada ya chakula nitawaambia mwalimu afanye nini mtoto akiwa hapo."

Baada ya chakula mimi sikuwepo. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Itilima, na barabara ile ikinyeshewa unalala njiani. Nikadandia gari la kwanza. Kwa hiyo niliondoka na nusu ya somo. Nusu ya jinsi ya kumkamata mtoto akikosea ninayo mpaka leo, ile ya kufanya naye nini baada ya hapo niliwaachia wenzangu walioogopa mvua kidogo kuliko mimi.

Nilipofika nyumbani nilikuwa na hamu ya kujaribu. Wewe ulikuwa jikoni unanisumbua, Doto amelala. Nikakumiminia maji. Ukasema kwenye glasi ndefu kuna mengi, kama yule mtoto wa mpishi, na kama watoto wote wa umri wako. Nikacheka, nikakubusu, nikakwambia, "Hapana, mjinga wewe, ziko sawa. Ziko sawasawa." Ukarudia kama kasuku. Ulikuwa unapenda kurudia, ndiyo ilikuwa raha yako.

Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja kesho yake.

Mwalimu mkuu alikuwa amenikubalia kumwingiza mtoto darasa la kwanza kabla ya umri. Mmoja. Alisema mapacha wawili wataonekana, wazazi watamfuata ofisini. Baba yenu, Mungu ampumzishe, akasema waende wote au wasubiri wote, akatoka nje kwenda kufunga ng'ombe kana kwamba shauri limekwisha. Lakini mimi nilikuwa mwalimu. Niliona wenzangu wanavyowatembeza watoto wao wanaosoma mapema. Nilitaka wangu mmoja awe mbele, na nilitaka kitu cha kisayansi cha kujificha nyuma yake wakati namchagua.

Nikawakalisha mmoja mmoja. Ukaja wewe, ukasema ziko sawa. Akaja Doto. Alichukua muda. Alichungulia glasi kwa juu, akaishika, akaomba amimine mwenyewe. Nikamwambia, "Usishike. Jibu tu." Akasema kwenye glasi ndefu kuna mengi. Nikamwambia baba yenu, mwaka huu ataanza Kulwa, Doto hajafikia. Nikatumia neno lile la semina, hatua. Hatua yake bado. Baba yenu hakuwa na neno la semina la kunijibu.

Umeona nilichofanya? Somo lililokuja kunifundisha kusubiri nililifanya mtihani. Mtoto pekee aliyetaka kushika maji na kuyamimina mwenyewe, yaani aliyekuwa anafanya kile ambacho nadharia yenyewe inasema watoto hujifunzia, ndiye niliyemwambia asishike.

Bibi yenu wa Sola aliposikia alikuja kwa miguu mpaka barabarani, akapanda lori la pamba, akafika hapa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia. Wewe unajua mila ya mapacha kwetu. Ukimnunulia mmoja kitenge, unamnunulia na mwingine. Pipi ikiwa moja inakatwa. Hata ukimchapa mmoja, mwenzake unamgusa na fimbo kidogo. Mimi nilikuwa nimeyaweka mambo hayo kwenye fungu la ushamba. Akaona sare moja imetundikwa ukutani. Moja.

"Na ya mwenzie?"

"Mama, huyu mwingine akili yake haijakomaa. Ni mambo ya kitaalamu."

"Mayu," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "mimi sijui kitaalamu. Hawa walikuja pamoja. Ukimnyima huyu, mnyime na huyu."

"Nimnyime elimu kwa ajili ya mila?"

Akavua kanga yake ya begani. Kisha akafunga nguo za Doto kwenye kanga na kusema, "Basi huyu usiyemtaka nipe mimi." Nami nikampa. Sikulia. Nilijiambia atakaa kidogo, akili ikikomaa atarudi. Ungeniona nilivyokuwa nimesimama pale mlangoni na uso wa mtu anayefuata utaratibu!

Na kabla hajaondoka nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu juu yake. Wageni wakija walikuwa wanauliza, "Mwalimu, huyu ndiye anayeanza shule? Na huyu?" Nawajibu, "Huyu mzito kidogo," Doto akiwa amekaa palepale. Siku moja akaniuliza mzito ni mtu gani. Nikamwambia ni mtu aliyeshiba. Jioni akaacha ugali wake nusu, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka nikamchapa kwa kuchezea chakula. Sikumuuliza kwa nini. Nimekuja kuelewa juzijuzi tu, nikiwa nasuka ukili, nikauacha ukili nikakaa.

Wewe unakumbuka mahafali. Picha iko pale sebuleni, umevaa joho na kofia, umri ambao hata meno ya utotoni hujaanza kung'oa. Ulisimama kwenye meza ukahesabu mpaka mia kwa Kiingereza na akina mama wakapiga vigelegele. Nilijivuna nikakosa pumzi. Mtaa mzima wakaanza kuniita Mama Kulwa, na mimi nikaitika, na hakuna aliyewahi kuniita jina la yule mwingine. Lakini jikoni, wiki hiyohiyo, nilikutuma uniletee vijiko vitano, ukaniletea vyote vilivyokuwa kwenye beseni. Mia uliijua kama wimbo. Tano hukuijua. Niliona, nikasema samaki mkunje angali mbichi, ataelewa mbele ya safari.

Darasani kwangu ilikuwa hivyohivyo. Watoto wamejaa mpaka mlangoni, nimesimama na fimbo, wanaimba moja mbili tatu mpaka sauti zinakauka. Mkaguzi akipita anasikia wimbo, anaandika vizuri. Mzazi akipita anasikia wimbo, anaona ada ya karatasi na chaki haijapotea. Nikimwita mmoja na kumwomba vizibo vitatu vya soda, ananiletea kiganja kizima, na macho yake yananiuliza kama nimefurahi. Hilo ndilo tuliwafundisha, Kulwa. Kuangalia uso wa mwalimu. Wale waliotoka vijijini wakijua Kisukuma tu waliangalia uso hata zaidi, maana maneno yangu hayakuwafikia, na mimi niliwaandika hawaelewi.

Nawe uliangalia uso wangu vizuri kuliko wote. Mpaka la tatu ulikuwa wa kwanza. Halafu la nne yakaja mafumbo ya hesabu, ya Masanja ana mbuzi kadhaa akauza kadhaa, na ukaanza kunijia na daftari, "Mama, hili ni la kujumlisha au la kutoa?" Nikikwambia ni la kutoa, unatoa bila kukosea. Nisipokwambia, unakaa na penseli mdomoni na jasho linakutoka. Ulikuwa hujawahi kumwona mbuzi ndani ya lile swali. Nikakutafutia mwalimu wa jioni, na wa Jumamosi. Asubuhi za mtihani ulikuwa unatapika nyuma ya choo, ukinawa uso, ukirudi ukisema uko sawa. Uko sawa. Neno lilelile.

Uliuliza kama umeharibika. Hujaharibika, mwanangu. Umeogopa. Umeogopa tangu ukiwa na miaka mitano mpaka usiku huu, ukisubiri kila siku mtu agundue kwamba hukuwa na jibu, ulipewa. Na hukuwa unajua hata unaogopa nini, kwa sababu hukumbuki ile jioni ya jikoni. Mimi nakumbuka. Ungekuwa umechelewa mwaka mmoja, ukashikashika maji na mchanga na mahindi pamoja na mwenzako, labda mbuzi wa Masanja ungewaona mwenyewe. Sina uhakika. Hiyo ndiyo adhabu yangu, sitakuja kuwa na uhakika.

Sasa nikwambie ya Sola, maana hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Doto alikuwa amekaa kwa bibi yake mwaka na kitu. Nikaenda kuwaona wakati wa mavuno, nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino shambani, ndivyo nilivyokuwa. Gunia lilikuwa limening'inizwa kwenye miti miwili, Doto yuko ndani yake, anakanyaga pamba. Bibi anamwagia kikapu juu ya kichwa, yeye anacheka, anakanyaga, anapanda, anazama. Pamba iliyokuwa uani imerundikana kama kichuguu iliisha yote mle ndani. Akanitolea kichwa, nywele nyeupe kwa manyoya, akasema kwa Kisukuma, mimi nakuandikia kwa Kiswahili: "Mama, ona. Ilikuwa nyingi mpaka kule, sasa iko humu tu. Lakini haijapungua. Hakuna aliyeiba."

Kulwa, nilisimama. Yule kijana wa semina alikuwa ametuambia kwamba mtoto akishavuka hatua ile atakwambia mwenyewe, hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichotolewa, kwa hiyo ni vilevile. Doto alisema hakuna aliyeiba. Hakuna mtu aliyemfundisha. Aliipata kwa miguu yake, ndani ya gunia, akicheka. Na alikuwa na umri uleule ambao kitabu chako kinasema. Wala hakuwahi kuchelewa.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Sema kwa Kiswahili."

Akazama tena kwenye gunia.

Ningeweza kumchukua siku ile. Bibi yako alikuwa ananitazama, nadhani alikuwa anasubiri nimchukue. Lakini kumrudisha Doto kulikuwa na maana ya kusimama kwenye chumba cha walimu na kusema nilikosea, tena mimi niliyekuwa nimeanza kuitwa kwenye shule nyingine kuwaonyesha wenzangu jambo la maji. Nikasema acha akae, anamsaidia bibi. Nikakaa nikanywa togwa, nikaondoka na gari la jioni. Akasoma kulekule, akamaliza la saba, hakuchaguliwa, wala hakulia. Mwalimu wake alinieleza baadaye kwamba akiulizwa swali alikuwa anajibu, "Mama yangu ni mwalimu, anasema mimi mzito." Alinukuu kauli yangu vizuri kabisa.

Na zile karanga. Kila msimu ulikuwa unaletewa kibuyu cha karanga na kondakta, ukadhani ni zawadi za bibi. Hazikuwa zawadi. Lilikuwa fungu lako. Yule mama, kila alichovuna akampa Doto, alipima kingine sawasawa akakileta kwako, mpaka mwaka aliokufa. Yeye asiyejua kitaalamu alishika usawa mpaka kaburini. Mimi sikupeleka Sola hata daftari.

Ile nusu ya pili ya somo niliipata nimebakiza muda mfupi kustaafu, walipotuletea mambo ya kona darasani, kona ya hesabu, kona ya duka, watoto wakae chini na vizibo na magunzi na mbegu. Wenzangu walilalamika kwamba ni michezo. Mimi nilikaa nyuma ya darasa nikamtazama mtoto akihamisha mbegu za ubuyu kutoka kopo hadi kopo asubuhi nzima, hakuna anayemwambia usishike, nikatoka nje nikajifanya vumbi limeniingia machoni. Kijana wa semina alikuwa amesema tusubiri baada ya chakula. Mimi nilikuja na msimu wa mvua mwingine kabisa.

Kwa hiyo sikufundishi ualimu. Kitabu chako nimekisoma ulipokuwa umeenda kuoga. Umepiga mstari palepale pa maana, panaposema mtoto hulijenga jibu mwenyewe kwa kushika na kukosea. Umepigia mstari, umefaulu, halafu jioni umetoka nje na kumkazia macho mtoto wa miaka minne aseme ziko sawa, kwa sababu shule unayofundisha Mwanza inampokea bure mtoto mmoja wa mwalimu, ila lazima apite interview. Mtoto mmoja. Nafasi moja. Nimeshawahi kupewa nafasi ya namna hiyo, Kulwa. Ilikuwa tamu sana.

Najua unafanya kwa mapenzi. Najua pia unafanya ili Doto akushukuru, maana umekuwa ukijisikia vibaya mbele yake bila kujua kwa nini. Na Doto amekubali kumtoa mwanawe wa pekee, baba yake mtoto yuko machimboni haijulikani atarudi lini, amekubali kwa sababu moja tu. Aliniambia jana tukimenya viazi. "Mama, mimi sina akili, nitamfundisha nini? Kulwa ndiye anajua." Akaendelea kumenya. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu ana jina, anaitwa Limi, na amelala hapa kwenye kitanda changu, mguu umenilalia mgongoni ninapoandika.

Nikiri na hili. Kile kibegi chake nilikichukua nikakificha uvunguni. Nikakaa. Nikaona ninafanya tena yaleyale, naamua nani aende na nani abaki huku wenyewe wamelala. Nikakirudisha juu ya begi lako kama kilivyokuwa.

Asubuhi nitamwambia Doto habari ya jikoni, na habari ya gunia, kwamba nilisikia, kwamba nilielewa, kwamba nilimwambia aseme kwa Kiswahili kwa sababu sikutaka kuelewa. Sitegemei anisamehe. Kuna mambo ukiyachelewesha sana hayawi tena habari njema, yanakuwa habari tu. Atajua kwamba alinyang'anywa, na atakuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo, na atakuwa na haki. Nawe utapanda basi ukiwa na hasira yako, na huenda usinipigie simu mpaka Krismasi. Sawa. Lakini akishajua, ndipo aamue kuhusu mtoto wake. Akisema Limi aende, nitambeba mimi mpaka stendi na sitafungua mdomo, na unajua hilo kwangu ni kazi ngumu. Ninachokuomba ni kimoja. Kile kibegi usikiguse. Kiache mpaka Doto akiguse mwenyewe.

Nimalizie na kitu ambacho hukukiona. Mlipoingia ndani mmenuniana, Limi alibaki nje na vyombo vyako. Akaanza kumimina. Kutoka glasi kwenda kikombe, kikombe kwenda glasi, maji yanamwagika miguuni anacheka. Akiinua glasi anaitazama kwa juu, halafu kwa chini, jinsi mama yake alivyotaka kufanya. Nikasogeza kigoda nikakaa karibu. Nami nikashindwa kujizuia, ualimu ni ugonjwa. Nikamuuliza, "Limi, wapi kuna maji mengi?"

Akanitazama kwa huruma, kama vile ndiyo kwanza ameelewa kwa nini watu wazima wa nyumba hii wanauliza swali moja jioni nzima.

"Bibi, kwani una kiu?"

Akashika glasi ndefu kwa mikono miwili, ile ambayo kwake yeye ndiyo yenye mengi, akanipa. Kikombe kifupi akabaki nacho yeye.

Nilikunywa yote.

Mimi,
Mama Doto